Taa ya mkia ilivyomuumbua mzee wangu

MSOMAJI wangu, leo naomba usinicheke. Wenzangu niliokuja nao huku Uingereza wana magari, wana makochi ya ngozi na televisheni kubwa kama ukuta. Mimi nina treni. Tena si ya kupanda mtu. Ni treni ya mezani, kichwa chake nakishika kwa vidole viwili, na reli zake zimezunguka meza yetu ya chakula kiasi kwamba mama watoto akitaka kuandaa ugali inabidi kwanza stesheni ihame.

Najua unachotaka kusema. Mtu mzima na ndevu zake anacheza treni! Hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Lakini vuta subira, soma mpaka mwisho ndipo uamue, maana kijitaa kimoja chekundu, kidogo kuliko punje ya mchele, kiliniingiza kwenye kasheshe mbili ndani ya mwezi mmoja. Ya kwanza ilinipeleka hospitali usiku na mtoto mabegani. Ya pili ilimuumbua mzee wangu kule Tabora, na mpaka leo nashukuru ilimuumbua.

NILIVYONASWA

Naishi Derby, mji wa reli kweli kweli. Kampuni ya Midland Railway iliweka makao yake makuu hapa tangu mwaka 1844, na mpaka leo treni zinaundwa hapa hapa. Kazi yangu ni kuwalea wazee, na ukitoka zamu ya usiku kichwa kinakuwa kama kimepigwa rungu. Siku moja nikapita duka la mitumba, nikakuta boksi: kichwa cha treni kimoja, mabehewa 6 ya mizigo na reli za kutosha. Bei ya kutupa. Nikajisemea moyoni, namchukulia Junior. Junior wakati huo alikuwa na miaka 2, hajui hata kuvaa viatu. Ni nani nilikuwa namzuga?

Kwa wasiojua, treni hizi zina vipimo vyake. Hii yangu ni ya kipimo kinachoitwa OO, ambacho Waingereza wamekipenda tangu enzi za Hornby Dublo ya mwaka 1938. Kila kitu kimepunguzwa mara 76, na nafasi kati ya reli mbili ni milimita 16.5. Behewa la mizigo lina urefu wa kidole. Ukilitazama kwa karibu unaona bawaba, unaona misumari, unaona mpaka namba ubavuni. Babu kubwa!

Sasa mwenzenu nimelelewa na reli. Mzee wangu alikuwa gadi wa treni za mizigo, Reli ya Kati, tangu enzi za reli ya Afrika Mashariki, kabla jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Ada zetu za shule zimetoka kwenye lile behewa la mwisho, yeye akiwa amekaa na bendera zake, filimbi yake na taa yake. Kwa hiyo treni ilipoanza kuzunguka meza, mtu wa kwanza niliyetaka aione ni yeye.

MZEE AIKATAA TRENI

Nikapiga simu ya picha. Upande wa pili simu huwa anaishika mtoto wa dada yangu, anayeishi na babu yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko kwenye baridi?"

Nikageuza simu, nikaiwasha treni, ikakata kona ya chumvini, ikapita mbele ya sufuria, ikarudi. Nikangoja sifa. Kimya. Halafu mzee akauliza:

"Na taa ya mkia?"

"Taa gani tena baba?"

"Ya nyuma. Nyekundu. Huniambii umeweka."

Nikamwambia haina. Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Basi hiyo si treni bwana. Hayo ni mabehewa yanatembea. Siku ukiweka taa, nipigie."

Na simu ikakatwa. Mama watoto alicheka mpaka akakaa chini.

TAA HIYO INASEMA NINI

Ulimi wa mzee ulinichoma, lakini nilipokwenda kuuliza kwa wazee wa klabu ya treni ndogo hapa mjini, wakaniambia baba yako yuko sahihi asilimia mia. Taa ya mkia si urembo. Ni ujumbe.

Iko hivi. Reli imegawanywa vipande, na katika mfumo ule wa zamani kila kipande kinaruhusiwa treni moja tu kwa wakati. Mtu wa ishara akiwa kibandani mwake anaitazama treni ikipita. Akiona taa ya mkia kwenye behewa la mwisho, anajua treni yote imepita, hakuna behewa lililokatika na kubaki njiani. Hapo ndipo anamwarifu mwenzake wa nyuma kwamba njia ni nyeupe, mruhusu anayefuata. Asipoiona, hana ruhusa ya kufungua njia. Kule Uingereza alitakiwa kumpigia mwenzake wa mbele kengele 9, maana yake: treni imepita bila taa ya mkia, isimamishe uikague. Zile treni za mizigo za zamani ambazo mabehewa yake hayakuwa na breki za pamoja zilibeba taa nyekundu 3 nyuma: moja ya mkia na mbili za ubavuni kwenye behewa la gadi.

Kwa nini wawe wakali hivyo? Kwa sababu watu walishakufa. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh kule Ireland, treni iliyojaa wasafiri wa matembezi, wengi wao watoto, ilishindwa kupanda kilima. Wakaikata katikati ili wapandishe nusu kwanza. Nusu iliyobaki ikateleza kurudi nyuma mteremkoni, ikakutana na treni iliyokuwa inakuja. Wakafa watu wapatao 80. Mwaka ule ule ikatungwa sheria ya kulazimisha breki za pamoja kwenye treni za abiria na huo utaratibu wa treni moja kwa kipande kimoja.

Na sisi Watanzania hatuhitaji kuhadithiwa ya Ireland. Tarehe 24 Juni 2002, pale Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko ikagongana na ya mizigo. Walipotea watu zaidi ya 280. Nakumbuka mzee, akiwa ameshastaafu, alikaa na redio siku nzima bila kula. Kwa hiyo akisema "taa ya mkia iko wapi", hatanii.

FUNDI MIMI

Basi bwana, nikaamua kuweka taa. Swali la kwanza: umeme unatoka wapi? Reli za mezani zinapitisha umeme usiozidi volti 12, na kichwa kinauchukua kwa magurudumu. Ungeweza kuuchukua huo huo kwa ajili ya taa, lakini kuna matatizo mawili. Mabehewa mengi ya mizigo magurudumu yake hayachukui umeme. Na ukisimamisha treni yenye mtambo wa kawaida kama wangu, umeme wa relini unakuwa sifuri, taa inazima. Treni iliyosimama gizani bila taa ndiyo hatari yenyewe! Jibu ni betri. Taa inakuwa na mshahara wake, haimtegemei mtu.

Vitu vinavyotakiwa ni vichache na gharama yake haikuchachishi:

Kwanza, taa ya LED nyekundu ya aina ndogo kabisa, urefu milimita 1.6 na upana milimita 0.8. Pili, betri bapa ya duara ya volti 3, ile ya namba CR2032, upana wake milimita 20. Tatu, rezista ya omu 1,000. Nne, nyaya nyembamba kama unywele zenye rangi ya kuzuia umeme. Tano, swichi ndogo.

Rezista usiisahau. LED nyekundu inataka volti kama 2, betri inatoa 3. Ile volti moja ya ziada lazima iliwe na rezista, na kwa omu 1,000 umeme unaopita ni kama miliampea 1 tu. Betri ya namna hiyo hubeba kama miliampea-saa 220, kwa hiyo kwa hesabu za karatasini unapata zaidi ya saa 200. Hata kama utapata nusu, ni usiku mingi ya kucheza.

Mimi mara ya kwanza niliweka rezista ndogo mno. Taa ikawaka kama ya mlangoni kwa baa ya uchochoroni. Tena mwanga ukapenya plastiki, behewa zima likawa jekundu kama jiko la mkaa. Mzee mmoja wa klabu akanifundisha: paka ndani ya behewa rangi nyeusi mara mbili kabla hujafunga kitu, na punguza umeme. Taa ya mkia inatakiwa ionekane, si imulike.

Hatua zenyewe ni hizi. Nilichagua behewa la gadi, maana lina kibanda na betri inajificha ndani vizuri. Ukiwa na behewa la wazi, fukia betri chini ya mzigo wa makaa ya bandia. Nikatoboa tundu la milimita 1 nyuma kwa keekee ya mkono, pole pole, ukitumia nguvu plastiki inapasuka. Nyaya zile ukizigusa kwa pasi ya moto ya mafundi redio ile rangi inaungua, risasi inashika. Nikaunganisha LED kwa kibano huku nimezuia pumzi, kwa sababu niliwahi kupiga chafya moja na LED mbili zikaenda ahera. Nyaya nikazipitisha tunduni, LED nikaiketisha kwenye kijitaa cha plastiki, tone moja la gundi, basi.

Kumbuka LED ina upande wake. Upande mpana wa betri wenye alama ya kujumlisha ndio chanya. Ukigeuza haiungui kwa volti 3, ila haiwaki, nawe utakesha unamtukana muuzaji bure. Jaribu kwanza kabla ya gundi.

Swichi ndipo nilipojitia ubishoo. Badala ya swichi ya kawaida nikatumia ya sumaku, ile ambayo ukipitisha sumaku juu ya paa inafunga au kufungua mkondo bila kugusa kitu. Nikanunua na sumaku moja ndogo yenye nguvu za ajabu. Hiyo sumaku ndiyo iliyotaka kuniua kwa presha.

BETRI IMEPOTEA

Ilikuwa saa 2 usiku. Nilinunua pakiti ya betri 5. Moja behewani, tatu mezani. Ya tano haipo. Na Junior yuko chini ya meza, anatafuna kitu.

Nikamfungua mdomo: mkate. Lakini betri je? Tukatafuta chini ya kochi, kwenye zulia, kwenye viatu. Hamna. Mama watoto akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona tangu tuoane. "Baba Junior, mtoto akiwa amemeza?"

Msomaji, hapa sina utani. Betri hizi bapa mtoto akimeza ikanasa kooni, umeme wake na mate vinatengeneza magadi makali yanayokula nyama. Ndani ya saa 2 inaweza kuunguza vibaya. Haijalishi kama betri imeisha nguvu ya kuwasha taa. Ya kuunguza bado inayo. Mtoto anaweza asilie wala asikohoe. Hutakiwi kumtapisha, hutakiwi kungoja uone dalili, hutakiwi kusema tutaangalia asubuhi chooni. Unakwenda hospitali mbio.

Tulikwenda mbio. Njia nzima nilikuwa nimemkumbatia yule mtoto nikisikiliza pumzi zake. Hospitali waliposikia neno betri hawakutuweka foleni. Picha ikapigwa kifuani na tumboni. Daktari akatoka, akasema hamna kitu, mtoto mzima, nendeni nyumbani. Mama watoto ndipo akalia.

Tuliporudi nikaanza kufungasha treni kwa hasira, nikisema kesho inarudi dukani. Nikafikia sumaku yangu. Nilikuwa nimeibandika kwenye mguu wa chuma wa meza ili isipotee. Nyuma yake, imegandia kama kupe, betri ya tano! Ganda la betri hizo ni la chuma. Ilipoporomoka mezani sumaku iliidaka, sisi tunapekua viatu.

Nilipomsimulia mzee hakucheka. Akasema, "Gadi anahesabu mabehewa kabla ya kuondoka, na anahesabu akifika. Wewe ulihesabu lini?" Tangu siku hiyo betri zangu zinakaa kwenye kopo la mfuniko wa kubana, juu ya kabati. Nahesabu kabla, nahesabu baada. Na sakafu ya behewa la gadi nimeifunga kwa skrubu mbili, vidole vya mtoto haviwezi.

"BABU, MBONA INAWAKA"

Wiki iliyofuata kazi ikakamilika. Nikazima taa zote za nyumba, nikavuta mapazia, nikapitisha sumaku juu ya paa. Kadoa kekundu kakaamka nyuma ya treni. Ukikaona gizani kakikata kona, kakififia nyuma ya sufuria halafu kakatokea tena, utanyamaza mwenyewe. Hata mama watoto alinyamaza.

Nikampigia mzee. "Baba, tazama sasa."

Treni ikapita mara ya kwanza. Mara ya pili. Mzee kimya.

"Umeionaje baba?"

"Taa bado hujaweka."

Nikadhani ananitania. Nikasogeza simu karibu kabisa na behewa. "Hiyo hapo baba."

"Haiwaki hiyo. Angalia betri yako."

Ndipo nikamsikia yule binti akisema taratibu, "Babu, mbona inawaka?"

Pakawa kimya pande zote mbili. Mzee akasema amechoka, anakwenda kulala. Ilikuwa bado jioni.

Baadaye binti akanipigia mwenyewe, ananong'ona. "Mjomba, babu haoni. Juzi alimwaga chai nje ya kikombe. Magazeti anashika tu, ananiomba nimsomee, anasema herufi za siku hizi ni mbaya. Ametukataza tusikwambie." Nikaelewa. Siku ile ya kwanza alipouliza taa iko wapi, hakuuliza kwa kuwa aliona haipo. Aliuliza kwa kuwa anajua lazima iwepo. Treni yenyewe sidhani kama aliiona. Gadi aliyetazama taa nyekundu miaka karibu thelathini, na sasa taa iko mbele yake anasema haiwaki. Ungekuwa wewe ungemwambia nani?

Wazee wetu mnawajua. Ukimwambia twende hospitali anakwambia ni uzee. Nami niko mbali, karatasi zangu bado zinashughulikiwa, siwezi kutoka. Nililala na simu mkononi. Asubuhi nikampigia nikamwambia hivi: "Baba, wewe ndiye ulinifundisha kwamba asiyeiona taa ya mkia lazima asimamishe treni ikaguliwe. Jana hukuiona taa. Kanuni inasemaje?"

Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Kengele tisa."

"Eeh. Kengele tisa, baba."

LAINI KILIA

Kumbe ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ugonjwa huo ndio unaoongoza kwa kuwapofusha watu duniani, na wakati huo huo ni wa kutibika: lenzi iliyoingia ukungu inatolewa, inawekwa ya bandia. Ngawira niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya kichwa cha pili cha treni ilikwenda Tabora. Walianza na jicho la kulia. Upasuaji wenyewe haukufika hata saa nzima. Kesho yake wakafungua bandeji, na binti ananiambia kitu cha kwanza babu alichosema ni, "Kumbe huu ukuta ni wa kijani!"

Wiki tatu baadaye alipiga mwenyewe, bila kushikiwa simu. Hakusalimia.

"Zima taa. Washa treni."

Nikazima. Nikawasha. Treni ikaondoka, behewa la gadi mkiani, kadoa kekundu kanafuata. Ikapita chumvini, ikapita sufuriani. Nilimwona usoni, jicho moja lina kitambaa, jingine limekodoa.

"Naam," akasema. "Imepita yote. Laini kilia."

Halafu, kwa kuwa mzee ni mzee, akaongeza: "Ila taa umeiweka upande. Behewa limeinama au ni wewe?"

Na kweli, imekaa upande kama nusu milimita. Mama watoto hajaona, wazee wa klabu hawajaona. Ameona yeye, kutoka Tabora.

Sasa msomaji, treni ya mezani si lazima uwe nayo. Ila kama una betri za duara nyumbani, kwenye rimoti, kwenye mizani, kwenye kadi zile za kuimba, nenda kazihesabu leo. Na kama una mzee anayekwambia herufi za siku hizi ni mbaya, usibishane naye juu ya herufi. Mpeleke akapimwe macho. Mimi jicho la kushoto la mzee linafanyiwa mwezi ujao, na kichwa cha pili cha treni kitangoja.